Wimbo Wanaoutaka Wasichana

"Huo tena?" Gati alishusha pumzi ndani ya tarumbeta kubwa la besi, lile linalovaliwa kichwani likakaa begani. "Mwalimu, tumeshazika watu wangapi na huo wimbo?"

Wenzake wakacheka. Bhoke, mwalimu wao, hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa hatulii, mara akae kwenye benchi, mara asimame apake mafuta ya mgando kwenye mabomba ya matarumbeta ambayo alikwisha kuyapaka.

"Sasa mnataka upi?"

"Wa kuchezeka. Wa kwetu hata sisi."

Walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkera. Siku za kazi Bhoke alifua mashuka kwenye kambi ya watalii huko Natta. Jumamosi aliongoza bendi ya wasichana kanisani. Nyimbo zote alizorithi zilipangwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Wao walijigawia tuni, ile sauti inayobeba wimbo, wasichana wakaachiwa sauti za kuvuta, moja ndefu mpaka macho yatoke, kisha nyingine ndefu zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amezivuta tangu usichana wake, na alikuwa amezichoka kuliko alivyochoka kufua. Na kesho ilikuwa ibada ya mavuno. Mzee Waitara, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikwisha kusema bila kuzungusha maneno: wasichana wakiboronga, matarumbeta yote yanarudi kwa wanaume.

"Upo mmoja," Bhoke alisema haraka, kabla hofu haijamwahi. "Nimeutunga mwenyewe, kwenye beseni la kufulia."

Aliwaimbia kila sauti kwa mdomo. Besi ilianza peke yake, mlio mmoja mzito mrefu, halafu mifupi inayofuatana mbiombio. Kisha matarumbeta madogo yakadakia, huku wapigaji wakijibizana, hakuna anayekaa kumngoja mwenzake. Mogesi, mdogo kuliko wote, alipopata sehemu yake aliruka kwa furaha.

"Tupige kwa nguvu!" alisema.

Kanisani kulikuwa kumepigwa deki, kwa hiyo walikuwa nje, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea kijijini. Gati akajaza kifua, akapiga.

Wimbo haukuwa umefika mbali Bhoke alipoona mahindi yanatikisika. Wanaume wakatokeza wakikimbia, wana pinde, wana mapanga, mmoja ana povu la sabuni shavuni. Mbele yao alikuwa Mzee Waitara.

"Wamepita wapi?" aliuliza akihema.

"Akina nani, baba?"

"Wezi! Ng'ombe za nani zimechukuliwa?"

Ndipo Bhoke akaelewa. Mlio mrefu, halafu mifupi: ilikuwa pembe ya kuitana ng'ombe zinapoibwa. Alikuwa ameisikia tangu akibebwa mgongoni, na mtu wa hapa akiisikia, awe anakula au anaumwa, anainuka na kukimbia. Yeye siku zote hizo alidhani ameitunga kwenye beseni.

"Hakuna wezi, mzee. Tulikuwa kwenye mazoezi."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Waitara alimgeukia mpaka akanyamaza.

"Mazoezi! Nusura moyo wangu upasuke, unaniambia mazoezi! Pembe ile haichezewi, Bhoke. Leteni hayo matarumbeta. Kesho hatuingoji tena."

Akanyoosha mkono kwa Gati. Lakini besi hainyang'anywi, mpaka mwenyewe aivue kichwani, na Gati hakuivua. Alimtazama mwalimu wake.

Wanawake nao walikuwa wamefika, wana fimbo, wana michi. Nyangi, mke wa Waitara, akapenya katikati.

"Baba Kisyeri, hebu ngoja. Mimi nimeacha ugali unaungua. Acha basi niusikie mpaka mwisho."

"Nyangi, haya si mambo ya..."

"Nimesema niusikie."

Bhoke alijua njia rahisi ilikuwa ipi. Apige magoti, aseme mlio ule ataukata, arudie wimbo wa mazishi, na pengine matarumbeta yangebaki. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kabisa. Akamwona Mogesi amekumbatia tarumbeta lake kwa mikono miwili, akaingiwa na uchungu, na hasira pia.

"Nisamehe kwa kukukimbiza, baba," alisema. "Lakini mwanzo wake ni huo. Hauna mwingine."

Akainua mkono. Gati akajaza kifua. Safari hii kila mtu alijua nini kinakuja, wala hapakuwa na wa kushtuka. Hata hivyo besi iliponguruma, vidole vyote vilikaza pinde, na Waitara, mkono wake ukiwa bado umenyooka kulidai tarumbeta, alijikuta amepiga hatua moja mbele, kama anayekwenda kuwafukuza wezi.