Talaka ya Mwezi wa Rajabu

Idarusi alikuwa mwandishi wa shekhe aliyefungisha ndoa kule Mwera. Ndoa au talaka ikiandikwa katika daftari lao, yeye ndiye aliyenakili na kupeleka nakala Tanga, ikaingizwe katika daftari la mjini.

Mwaka 1956 Mwamvua binti Sadalla, ambaye alikuwa ameachwa na eda imekwisha, alikwenda kuolewa Makorora, pale pale mjini Tanga. Wageni wamekwisha kaa mkekani, mfungishaji akasema daftari la mjini linaonyesha huyu bado mke wa mtu. Mama wa bwana harusi akamwita Mwamvua mwongo waziwazi. Watu wakatawanyika, pilau haijapakuliwa.

Habari zilipomfikia Idarusi, alilifunga daftari katika shuka, akavuka mto Pangani kwa pantoni, akapanda basi.

Mzee Mwinyijuma, mtunza daftari la mjini, alimpokea vizuri. Wakaanza mwanzo: Idarusi anasoma lake, mzee anafuatisha lake kwa kidole. "Lipo. Endelea." Wakafika Rajabu.

"Mwamvua binti Sadalla, talaka."

Kidole kikasimama. "Hapa pana Mwanamkasi binti Sadalla."

Mwanamkasi alikuwa dada yake Mwamvua, na saa ile yuko Mwera kwa mumewe, ananyonyesha mtoto wa wiki moja. Idarusi akaomba kuiona nakala aliyoleta. Ilipotolewa, mwandiko ulikuwa wake. Alikuwa ameandika Mwanamkasi.

"Jambo dogo," alisema Mwinyijuma. "Badilisha lako lifanane na letu. La mjini ndilo linalofuatwa."

"Nikifanya hivyo, mzee wangu, nitakuwa nimemwacha mke wa mtu kwa kalamu. La kwetu ndilo la kweli. Nimekosea mimi."

"Basi lete shekhe, na mashahidi wa talaka."

Siku ya tatu akarudi nao. Jina lililokosewa likapigwa mstari mmoja, likiwa bado linasomeka, la kweli likaandikwa juu yake, wote wakatia sahihi. Kisha Idarusi akaomba waendelee mpaka ukurasa wa mwisho. Wakakuta tarehe mbili zisizolingana, wakazisahihisha nazo.

Alipomweleza Mwamvua, yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mie naliitwa mwongo mbele za watu, kaka Idarusi. Kaseme mbele za watu hao hao."

Ijumaa, baada ya sala, Idarusi alisimama kwenye baraza ya nyumba ile ile ya Makorora, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, akasema yote.

"Kwa hiyo ni kalamu yako iliyomwaibisha binti huyu?" aliuliza mama wa bwana harusi.

"Ndiyo, mama. Kalamu yangu."

Mama yule akaingia ndani alikokaa Mwamvua na shangazi zake. Waliobaki nje hawakusikia walichozungumza. Alipotoka aliagiza mkeka utandikwe.

Ndoa ikafungwa alasiri ile. Mfungishaji akamwachia Idarusi aiandike, na alipomaliza, Mwamvua alituma neno kutoka ndani: asomewe jina lake, herufi kwa herufi.