Kuketi Kabla ya Safari

...na sasa tumeketi, kila mtu pale alipojikuta, mama kwenye benchi la kando ya jiko, mdogo wangu wa kike Glafira karibu na dirisha, mimi juu ya sanduku langu la rangi, kimya, ndiyo desturi yetu kabla ya safari, hakuna kusema neno mpaka mama ainuke, anayefungua mdomo sasa huifunga njia, nami njia hii naitaka, jamani naitaka, zimebaki siku tisa tu maonyesho ya Petersburg yafunguliwe na picha iko nje kwenye sleji, gari la theluji la kukokotwa na farasi, nimeiviringisha mwenyewe ndani ya blanketi, picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora, wachoraji wenzangu watanipiga mgongoni, watasema Nikanor hampaki mtu asali, Nikanor akiona tope anachora tope... na Glafira hanitazami. Tangu asubuhi hanitazami. Nilikuwa nakaza fundo la mwisho la kamba akaja akasimama nyuma yangu, "Futa mdomo tu, kaka, macho yaache, hata vidole vichafu viache, mdomo ule ufute," nami nikamjibu kwa ile sauti yangu ya kufundishia watu, sauti ya kuudhi kabisa, "Nachora kilichokuwepo, Glasha," ndivyo nimwitavyo tangu utoto, naye akasema, "Haya, kilichokuwepo," akaenda zake kuchota maji... kwani nimesema uongo? Kilikuwepo. Mwanawe Ustinya wa miaka minne alilazwa maiti mezani chini ya picha takatifu, ugonjwa wa koo ulimmaliza kwa siku mbili, shati jeupe, mishumaa, kioo kimefunikwa kwa msiba, na kando ya meza mama yake, Glafira, anakula mkate, shavu limejaa, macho hayaoni kitu, mwenye njaa hana miiko, hiyo ndiyo kweli ambayo hakuna mchoraji aliyethubutu kuichora, wote wanachora mama wanaozimia vizuri... "Bwana mchoraji!" Huyo ni Pakhom, mwenye sleji, anapayuka uani, "Mmelala humo? Farasi wangu wataganda mikia!" Mama anainua kidole kimoja, bado, tukae. Tunakaa. Glafira anakunja pindo la aproni, analikunjua, analikunja, vidole vyake navijua kuliko vyangu, mwezi mzima nimevichora, na mdomo wake ameufumba hivyo tangu Jumanne, tangu wanawake walipokuja ghalani kuitazama picha na Fevronia wa jirani akatema mate chini, "Kumbe hamu ya chakula anayo!", na kesho yake kisimani wakamuuliza wakicheka, "Umeshiba, mwenzetu?" Alirudi na ndoo tupu. Hapa ni kisima kimoja, Petersburg itakuwaje, watu elfu wenye glavu watasimama mbele ya shavu lile, tena atachapwa magazetini, lakini sanaa ndivyo ilivyo, sikuianza mimi, mimi natazama tu, nimesimama pembeni natazama tu...

Mkono. Kwa nini mkono ule ulinisumbua, wiki mbili naufuta naurudia, mkono wake wa kulia wenye mkate, umekunjika kwa namna isiyo ya mtu anayejichukulia chakula mezani, ni mkono wa mtu anayepokea, nao wachoraji watauliza, watu wale wana macho, watauliza, anapokea kwa nani? Kwa nani, Nikanor? Mama, inuka basi, inuka twende... "Kula, Glasha, leo siku ya tatu hujala, utatangulia kaburini kabla ya mtoto," ndivyo nilivyomwambia siku ile kando ya meza, akatikisa kichwa, "Siwezi, kaka, usinilazimishe," nikamega kipande cha mkate nikakiweka kiganjani mwake, nikamsukumia mdomoni, "Kula kwa ajili yangu," akafungua mdomo, akauma, kwa ajili yangu, nami badala ya kumshika bega nikarudi nyuma hatua tatu nikatafuta mkaa wa kuchorea. Mungu wangu. Na kwenye mchoro wa kwanza nilikuwemo, ndiyo, kule kulia, mkono wangu na kipande cha mkono wa koti, rangi ya buluu kwenye kucha, nikaona jicho linakimbilia pembeni, linaharibu utulivu wa picha, nikachukua kisu nikaukwangua, nikapaka ukuta mweusi juu yake, nikajipongeza, na tangu siku hiyo nawahubiria watu habari za kweli. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ina maili mia nne hadi Petersburg na wa kunisimamisha hayupo, maana anayejua ni mmoja tu, naye hakusema. Hakusema! Kisimani walimcheka, hakusema, "Ni kaka aliyenilisha," asubuhi ameniomba nifute mdomo wake tu, mkono wangu hakuutaja, ananifichia, mtu niliyemvua nguo mbele ya dunia bado ananifunika mimi... "Nawaambia tutakuta theluji imeziba daraja!" anapayuka Pakhom, na mama hajainuka, midomo yake inanong'ona dua ya safari, Glafira anakunja pindo, anakunjua, naogopa, naogopa maonyesho yatanipita na wenzangu watacheka, lakini akiinuka mama nitatoka nje nikafungue zile kamba, nitairudisha picha ghalani, mdomo wa Glafira sitaufuta, utabaki, ila kule kulia mezani kuna mtu amekosekana, na siku tisa hazitoshi kumchora.