Mbwa Kumi wa Mzee Gaspar

Kama hujawahi kuingia zizi la mbwa la manispaa siku ya Ijumaa, mshukuru Mungu na ushike njia yako. Apolonia aliingia kila Ijumaa kwa miaka minne, kila Ijumaa alijiziba pua kwa upindo wa kanga, na kila Ijumaa kanga haikusaidia kitu. Mkojo wa juma zima. Uji uliochacha, sufuria moja kwa mbwa thelathini. Nzi wa kijani wanaotua mdomoni mwa mtu bila hodi. Mbwa waliokamatwa mitaani bila bati la leseni shingoni waliwekwa humo kungoja wenyewe, na mwenyewe asipotokea, Jumamosi asubuhi alikuja askari na bunduki. Na mlinzi wa zizi, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anakula andazi palepale mlangoni, anatafuna huku anasema, "Leo utachukua wangapi, mama? Wapunguze, wananipigia kelele." Apolonia aliliona lile andazi linavyozunguka mdomoni, akageuza uso.

Alikuwa mjane wa karani wa reli, mwenyeji wa Mbinga, mwanamke mrefu mwenye ulimi usiopoa, na alikaa Kinondoni katika nyumba ya udongo yenye ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Kazi hii hakutumwa na mtu. Mwaka wa arobaini na tisa mbwa wa marehemu mumewe alikamatwa barabarani, na yeye alipofika zizini akaambiwa amechelewa saa moja, akaonyeshwa shimo. Shimo lenyewe halikuwa limefukiwa! Juma lile lile akaenda kusimama mlangoni kwa Bwana Afya, Mzungu mmoja mwekundu mwenye haraka, siku tatu mfululizo, mpaka yule bwana akachoka kumwona akamwandikia barua: mama huyu aruhusiwe kutoa mbwa zizini, mradi awapeleke nje ya mji.

Basi akaanza. Mwenzake alikuwa Tekla, mfua nguo wa Wazungu, aliyekuwa akirudi jioni na ndoo ya makombo ya majikoni kwao. Hawakulipwa hata senti nyekundu. Waliwaosha mbwa, wakawatoa kupe kwa mafuta ya taa, wakawashonea kanda za shingoni kwa vipande vya turubai, halafu wakawatafutia wenyewe huko Tegeta, Mbweni na Bunju, ambako nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mihogo ya watu. Na Apolonia alikuwa na masharti yake. Humpi mtu mbwa mpaka umekwenda kwake, ukaona ua, ukaona maji, ukakaa na mke wa nyumba. Mke ndiye hasa. Mwanamume atakuahidi mbingu na nchi, lakini anayemwaga ukoko ni mke, na yeye akisema hamtaki mbwa, huyo mbwa atakufa njaa.

Watu wote walikaguliwa hivyo. Wote, isipokuwa mmoja.

Mzee Gaspar wa Bunju alikuwa baba wa ubatizo wa marehemu mumewe. Alikuwa mzee wa kigango, msomaji wa sala za Jumapili padri asipofika, mtu wa koti jeusi na kofia mkononi. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mumewe, ndiye aliyenunua sanda. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo: ngoja kwanza, mkwe wako nije nichungulie uani kwako kama unafaa kupewa mbwa. Nani ana uso huo? Kwa watu wa kwao Apolonia, mkwe haendi kukagua nyumba ya mkwewe, hata angekuwa nani. Kwa hiyo mzee alikuja Kinondoni mwenyewe kila baada ya miezi michache, akakaribishwa kiti, akanywa chai, akaondoka na mbwa. Hakuwa na makuu. Neno lake lilikuwa moja tu: "Nipe anayelia sana, mwanangu. Mkubwa au mdogo, mie sijali. Anayelia sana."

Apolonia alielewa kwamba ni kwa ajili ya nguruwe. Mbwa wa shamba bila sauti ana faida gani? Basi akawa akiingia zizini na kutega sikio. Waliobweka kidogo aliwapita. Aliwatafuta wale wanaolia kama wanachinjwa, akawatoa, akamwekea mzee. Alimchagulia tisa hivyo. Wa kumi alikuwa jike dogo la rangi ya udongo ambalo Tekla aliliita Tarumbeta, maana lilipofungwa kamba tu, Kinondoni nzima ilijua. Mzee alilichukua wiki tatu zilizopita, amefurahi, akambariki Apolonia kwa ishara ya msalaba.

Alhamisi moja asubuhi akaja Mwishehe.

Mwishehe alikuwa mkulima wa Bunju, Mwislamu mtaratibu ambaye mwaka jana alipewa mbwa na Apolonia kwa ajili ya mihogo yake. Alimshika yule mbwa kwa kamba ndefu ajabu, na mate yakimgusa, aliosha mkono mara saba, moja kwa udongo, bila mchezo. Tekla alimcheka hadi akakaa chini. Lakini Apolonia alipokwenda kumkagua alikuta mbwa kajengewa kibanda cha makuti, ana chungu chake cha maji, na mke wa nyumba anamwita kwa jina.

"Haya, bwana wa maji saba!" Tekla akamchokoza. "Umekuja kuoga?"

Mwishehe hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kibaraza, akakunjua kofia, akaikunja tena.

"Mama, nataka mbwa wa pili, nguruwe wamezidi," akamwambia Apolonia. "Lakini nakuomba mie usinihesabu pamoja na yule mzee wenu."

"Mzee yupi?"

"Mzee Gaspar. Watu kule wakisikia mbwa katoka kwako wanacheka. Wanakuita Mama Chambo."

"Chambo cha nini?" akauliza Apolonia.

Mwishehe akamtazama Tekla, akamtazama Apolonia, na hapo ndipo alipotambua. "Lahaula! Mama, ina maana hujui? Sie tulidhani mmepatana."

Akasema yote, maneno yanamtoka kwa shida. Mzee Gaspar hana shamba. Ana mtego wa chui kule msituni, nyuma ya kijiji, wa magogo, vyumba viwili. Chumba cha nyuma anafungwa mbwa. Cha mbele anaingia chui akifuata kilio, mlango unaanguka. Ngozi wanakuja kununua watu wa mjini. Na mbwa? Mara gogo la kati linashika, mara halishiki na chui anamfikia. Likishika, mbwa anakutwa amekufa kwa hofu tu, macho wazi. Asiyelia anachomwa kijiti mpaka alie. Mzee hategi penye mbalamwezi. Anawanenepesha kwanza, anangoja giza.

"Na mwezi umekwisha jana," Mwishehe akasema. "Yule mdogo bado yupo. Nimemwona uani alfajiri."

Apolonia akainuka, akaenda nyuma ya mpapai, akatapika. Alitapika chai, akatapika maji, na tumbo lilipokuwa halina kitu bado lilikuwa linasukuma. Hakuwa anamtapika Gaspar peke yake. Alikuwa anajiona mwenyewe pale zizini, na barua yake ya Bwana Afya, kasimama katikati ya kinyesi, kainamisha kichwa, anasikiliza nani analia vizuri zaidi. Tisa! Angewaacha wale tisa, wangepigwa risasi asubuhi moja na yakaisha.

"Tekla, waangalie mbwa hawa," akasema, akijifuta mdomo. "Mwishehe, twende."

Walipata lori la chokaa lililokuwa linarudi Tegeta tupu, wakakaa nyuma katika vumbi jeupe, na kutoka Tegeta wakapanda jingine. Saa nane walikuwa Bunju. Njia nzima Apolonia alipanga maneno. Alikuwa nayo mengi na yote machafu.

Mzee Gaspar alikuwa kibarazani, ananoa kisu kidogo. Ua ulikuwa umefagiwa mistari mistari. Msalaba ulikuwa juu ya mlango. Apolonia akafungua kinywa amtukane, na kinywa kikasema:

"Shikamoo, baba."

Ee Mungu, alilichukia domo lake! Goti nalo likakunjika lenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Na huyo bwana mbona kasimama njiani?" Mwishehe hakusogea. Mzee hakujali. "Umekuja wakati mzuri. Nilikuwa nataka kukuletea vitu vyako."

Akaingia ndani, akatoka na furushi la gazeti, akalifungua juu ya meza taratibu. Zilikuwa kanda za shingoni za turubai, tisa, zimefuliwa, zimekunjwa, zimepangwa. Moja bado ilikuwa na doa la kahawia lisilotoka.

"Najua unashona kwa mkono," akasema kwa upole. "Mie sipendi kuharibu kitu cha mtu. Utawavisha wengine."

Apolonia alizitazama. Alihisi kinyaa kinampanda kutoka nyayoni, kinyaa cha kweli, kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge alilokwisha kumeza.

"Baba, umewafanya nini wanyama wangu?"

"Ah, wamekwambia." Mzee akakaa. Wala hakuona haya! "Sasa kosa liko wapi, mwanangu? Wale si walikuwa wafe Jumamosi? Mie nimewapa mwezi wa kula nyama. Chui akinaswa, mbuzi wa watu wanapona, waulize hapa kijijini. Na kila ngozi nimetoa fungu la kigango. Lile bati jipya la paa unadhani limetoka wapi? Wewe na mie kazi yetu moja. Wewe unawatoa, mie nawatumia."

"Usiniweke na wewe!"

"Nani aliyewachagua?" akauliza Mzee Gaspar, na aliuliza vizuri, bila ukali. "Hukuniletea hata mmoja mbaya."

  Apolonia akageuka, akatafuta kwa macho. Tarumbeta alikuwa amelala chini ya meza, kafungwa kwenye mguu wa meza, na jamani, alikuwa amependeza. Manyoya yanang'aa, mbavu zimefunikwa, tumbo la mviringo. Hajapata kumwona mbwa wa zizini amenenepa hivyo.

Akapiga magoti, akafungua kamba mezani. "Huyu anarudi kwangu."

"Umeshanipa, na nimetia sahihi kwenye karatasi yako ya kukabidhi mbwa," akasema mzee, akashika upande wa pili wa kamba.

Wakavutana. Mzee wa miaka sabini na mkwewe, katikati ya ua uliofagiwa, kamba huku na kamba kule, vumbi juu. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na madumu wakasimama. Mwanamume mmoja akatoka kwenye nyumba ya jirani. Mzee Gaspar akawaona, na mkono wake ukalegea papo hapo. Si kwa huruma. Alikuwa msomaji wa Jumapili, asingeweza kuonekana anagombana na mjane wa mwanawe wa ubatizo. Akaachia kamba, akatengeneza koti, akatabasamu kwa ajili ya watazamaji.

"Mchukue, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika. Halafu chini chini: "Barua ya Bwana Afya hata mie naweza kuiomba."

Apolonia hakusubiri. Alivuta kamba kuelekea barabarani. Kamba ikakaza, mbwa hakuja. Tarumbeta alikuwa amejibandika kwenye miguu ya Mzee Gaspar, mkia unapigapiga suruali yake, anamlamba ule mkono uliokuwa unanoa kisu. Mzee akaushusha mkono alambwe vizuri.

"Njoo!" Apolonia akamwambia mbwa. "Mjinga wewe, njoo!"

Hakuja. Ikabidi amburute. Na mbwa akaanza kulia.

Alilia kwa sauti ile ile, nyembamba, ya kupasua kichwa, kucha zinachimba mistari kwenye mchanga, shingo imegeukia kwa mzee. Watu wakatoka majumbani. Mwishehe alikaza mwendo mbele, uso chini, akatafuta lori. Lilipopatikana Apolonia akampakata yule mbwa kwa nguvu, mikono miwili kifuani, naye akamkwangua shingo na kuzidi kulia, lori linaondoka, Bunju inabaki nyuma, bado analia. Alilia njia yote. Alilia mpaka koo likamkauka, akalia kwa koo kavu.

Tegeta lori lilisimama kupakia. Mwanamke mmoja muuza samaki akasogea na ungo wake kutazama kulikoni. Akamwona mbwa mnono, mzuri, anayetetemeka na kujinyonganyonga atoroke. Akamwona mwanamke mwenye vumbi la chokaa usoni, damu shingoni, ameng'ang'ania. Akakunja uso kama aliyenusa kitu.

"Wewe mama una roho gani?" akasema. "Mrudishe mbwa wa watu kwa mwenyewe."

Akatema mate kando ya gurudumu, akaenda zake. Apolonia akakaza mikono.