Mke wa Studio

"Mwanamke mmoja haolewi na wanaume tisa, Brightson."

"Labda ni mapacha, Mama Bupe."

"Mapacha tisa?"

Brightson hakuiachia fremu ya picha. Aliikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba keki ya harusi kwenye mvua. Herieth, ambaye ofisini huitwa Mama Bupe kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa amemnyooshea mkono kwa muda mrefu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne mwenye picha angekuja kuichukua.

Asasi yao ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, Tandika, wafanyakazi wawili, na mwenyekiti anayeonekana siku wakija wageni. Kazi yao ilikuwa moja: kutunza filamu za negativu elfu kumi na moja za marehemu Mzee Apolinari, aliyewapiga picha watu wa Temeke kwa miaka thelathini. Herieth alizifuta vumbi na kuandika nani yumo, Brightson alizipitisha kwenye skana. Anayemtambua ndugu yake hupewa nakala bure.

Ndivyo alivyokuja Mauwa wa Mbagala, mwezi uliopita. Mama yake, Lulu, alifariki Mauwa akiwa na miezi sita. Picha za nyumbani zilikwenda na mafuriko, na leo Mauwa ana miaka arobaini na saba, hajawahi kuiona sura ya mama yake. Baba yake, Talha, alimwambia kabla hajafa: mama yako alipigwa picha kwa Apolinari. Brightson akatafuta Talha kwenye daftari la studio, akapata namba 418. Kijana mrefu aliyevaa koti, na pembeni yake msichana mwenye mwanya, kashika radio mapajani. Chini yake asasi ilikuwa imeshaandika: Talha na mkewe. Mauwa alimtambua baba yake, akamwangalia yule msichana, akakaa chini sakafuni.

Juzi Herieth alikuwa akifuta negativu za kopo jingine. Akamkuta msichana yuleyule, mwanya uleule, radio ileile, amekaa na Stanley fulani. Akaendelea kutafuta, hata kwenye makopo aliyokwisha kuyaandika. Mpaka jana jioni alikuwa amempata na wanaume tisa, na wote, kwa mwandiko wa Herieth mwenyewe, waliandikwa "na mkewe".

"Na ni wewe uliyeweka hiyo sheria," Brightson alisema. "Mwanamume na mwanamke wamekaa pamoja, andika mkewe. Mie nilikuuliza siku ile, ukaniambia usinipotezee muda."

"Nimekosea. Sasa niambie huyu ni nani."

"Sasa tukijua itatusaidia nini? Yule mama anakuja na wajukuu, ameshapaka ukuta rangi. Mpe picha yake, alale."

"Kila asubuhi amsalimie mtu baki ukutani?"

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Lete fremu."

Akaipata. Hakuwa mtu wa kukaa na swali. Akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa Jenipher, binti wa Mzee Apolinari, aliyewapa makopo ya negativu baba yake alipofariki. Hazikupita dakika tano, Jenipher akapiga.

"Dada Herieth, mmemtoa wapi shangazi yangu?"

"Shangazi yako?"

"Huyo Felicitas, mdogo wake baba. Yuko Ukonga, anafuga kuku. Mpigie, ila jiandae, simu yake haiishi."

Herieth akapiga, akaweka sauti juu ili Brightson asikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Herieth akajieleza. Kisha akauliza, bila kuzungusha, ilikuwaje yeye akaonekana ni mke wa wanaume tisa.

"Tisa tu?" Felicitas akacheka, na kuku wakasikika nyuma yake. "Tafuta vizuri, mwanangu. Mie nimeolewa Temeke mara kumi na nne, na mume sikumpata."

Akaeleza. Vijana wa kusini walikuja mjini kufanya kazi bandarini. Huko nyumbani mama zao walituma barua kila mwezi: unaoa lini, fulani ana watoto wawili, wewe una nini? Kijana akichoka anakwenda kwa Apolinari. Apolinari ana koti la kuazima, ana radio ya kuazima, na ana dada. Picha inapigwa, inatumwa kijijini, mama anatulia mwaka mzima.

"Na huyu Talha?" Herieth akauliza. "Mrefu, wa Lindi."

"Talha namkumbuka, alinikanyaga viatu. Huyo alikuja akaoa kweli. Sasa mke akaikuta nakala ya picha yetu sandukuni. Basi akaja studio na kanga ameifunga kiunoni, anamtafuta huyo mwanamke."

Brightson alikuwa ameshasogeza kiti karibu na simu.

"Mkapigana?" akauliza, akasahau hata kuamkia.

"Wewe nawe nani? Hatukupigana. Nilimwonyesha waume zangu wote ukutani, mmoja mmoja. Kufika wa sita akakaa chini kwa kicheko. Lulu, jina lake. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana. Kaka akasema, mkimaliza kucheka kaeni vizuri niwapige wote wawili. Akatupiga."

Herieth akapekua daftari la studio. "Mama, hiyo picha kwenye daftari haipo."

"Itakuwaje kwenye daftari na hakulipwa? Za bure hakuziandika. Alizitupia kopo la peke yake."

Herieth akakata simu. Wote wawili walikuwa wakiangalia rafu ya chini, kopo la maziwa lililojaa kutu. Negativu zake hazikuwa na namba wala majina. Joto na unyevu vilizigandisha zikawa bonge moja, mithili ya sabuni. Walikuwa wameliacha wakisubiri fundi mwenye ujuzi, aje siku ajapo.

"Ukizivuta zinachunika," Brightson alisema. "Ukiziloweka, ama zinaachiana, ama sura zote zinaondoka na maji."

"Lipi lina uwezekano zaidi?"

"Nusu kwa nusu. Mie ningesubiri fundi."

"Kila masika zinazidi kugandana. Mwaka wa ngapi huu tunamsubiri?"

Saa nne kasorobo Mauwa akabisha hodi. Wajukuu aliwaacha nyumbani, alikuja peke yake, amevaa vizuri, na kitambaa cheupe cha kufungia fremu. Brightson akageukia kompyuta iliyozimwa.

"Karibu, kaa," Herieth alisema. "Dada Mauwa, nina neno baya na neno ambalo silijui bado. Lile baya kwanza. Huyu siye mama yako. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika."

Mauwa hakulia. Aliisogelea ile picha, akaweka kidole juu ya uso wa baba yake, akakiacha hapo.

"Nilishawaonyesha wajukuu kwenye simu," alisema. "Mmoja ana mwanya. Tukasema, ameutoa hapa."

Herieth akamsimulia yote, kuanzia barua za mama wa kijijini hadi kanga kiunoni. Alipofika hapo Mauwa akainua uso.

"Alikuja kugombana? Mama yangu?"

"Amejifunga kabisa."

"Baba alisemaga alikuwa mpole."

"Felicitas anasema sivyo."

Mauwa akatoa sauti, nusu kicheko. "Na mimi nilikuwemo. Tumboni." Akageuka. "Kopo lenyewe liko wapi?"

Herieth akalileta mezani, akalifungua, akamweleza hatari bila kuipunguza. Kusubiri inawezekana. Kuloweka leo inawezekana, na inawezekana ifikapo jioni kusiwe na kitu. Huyu Felicitas wanamjua sura. Wakiona msichana mwenye mwanya amekaa na mwanamke mwingine, basi mwingine huyo ndiye. Wakikosa, wamekosa moja kwa moja.

"Nyie mngefanyaje?" Mauwa akauliza.

"Mie ningesubiri," Brightson alisema.

"Mimi ningeloweka," Herieth alisema. "Lakini mama si wangu."

Mauwa akachungulia ndani ya kopo. Akakunja kile kitambaa cheupe, akakirudisha mkobani.

"Huko ndani haonekani na mtu," alisema. "Lowekeni."

Brightson akasimama, akafunga mlango, akamimina maji yaliyochujwa kwenye beseni. Herieth akampa Mauwa glavu, akazivaa. Wakalitoa bonge, wakalizamisha taratibu, mikono sita ndani ya beseni moja. Maji yakageuka rangi ya chai. Hakuna aliyevuta. Baada ya muda kona moja ikainuka yenyewe, ikatikisika, na negativu ya kwanza ikaachana na mwenzake.

Mauwa akaishika kwa ncha za vidole, akainyanyua kuelekea dirishani.