Sendofu ya Bustani ya Gerezani

Mzee Abdulrazak alitupa kiwanja chake kilicho kando ya nyumba yake, nyuma ya gereji za Gerezani kwa sharti moja. Tukikizungushia wavu na kuweka tanki la maji kabla ya mvua za vuli, tulime mboga bila kulipa kodi. Tukishindwa, atampa mtu wa vyuma chakavu, ambaye alikuwa akimfuata kila wiki.

Sisi ni wanawake wa mtaa mmoja. Tulikwisha kutoa vioo na matairi, tukachanganya udongo na maganda yaliyooza kutoka sokoni Kariakoo. Kilichobaki kilihitaji fedha. Katika darasa la jioni ninakosoma niliandika barua ya kuomba ufadhili, mwalimu akaisahihisha, tukaipeleka katika ofisi kadhaa. Kila mahali tulipokewa vizuri. Majibu hayakuja.

Basi mimi na jirani yangu Swaumu tukaanza kuingia madukani. Rogath, ninayesali naye kanisa moja na anayeuza vyombo vya nyumbani kwa jumla Mtaa wa Msimbazi, alitusikiliza huku akipanga ndoo.

"Bustani?" alisema. "Dada Evarista, ungeniambia una mgonjwa ningekuelewa. Ungeleta kadi ya harusi ningetoa hata kama bibi harusi simjui. Lakini bustani!"

Tulipotoka, Swaumu alinishika mkono. "Umemsikia Mchaga wako? Tuifanyie bustani harusi."

"Swaumu, usifanye mzaha na ndoa."

"Haya, isiwe ndoa, iwe sendofu tu, kama tunamuaga bibi harusi kwao. Kamati, kadi, MC, muziki. Mtu wa Dar ukimpa kadi, mkono unaenda mfukoni wenyewe."

Jambo hilo nililiombea siku kadhaa, maana niliogopa kuchangisha watu kwa uongo. Moyo ulipotulia nilikubali, ila nilitaka kadi iseme kweli: bibi harusi hakuna, kuna matuta.

Kadi zilichekwa Kariakoo nzima. "Mwambieni bibi harusi nakuja," watu walituahidi, na Jumamosi ya sherehe walikuja kweli pale kiwanjani, wengine wamevaa sare. MC aliwaita kutoa zawadi kama ilivyo desturi, nao wakaja kwa foleni wakicheza, zawadi kichwani.

Mimi ndiye niliyekuwa napokea. Kifurushi cha kwanza kilikuwa hotpoti ya kuwekea chakula kisipoe. Cha pili, hotpoti. Kilichofuata, seti ya glasi. Mama mmoja alileta mashuka. Watu wakisikia sendofu hununua vyombo, ndivyo walivyozoea, na kadi yetu haikuwakataza. Meza ilijaa, na wavu hatukupata hata kipande.

Mzee Abdulrazak alikuwa amekaa mbele na mkewe. Aliitazama meza.

"Evarista mwanangu, sasa nyanya mtazimwagilia kwa hotpoti?"

Watu walicheka. Mimi niliona kiwanja kinaondoka. Niliinamisha kichwa pale pale nyuma ya meza nikasema, Bwana, hivi ndivyo ulivyotuletea, tuonyeshe matumizi yake. Ndipo nikakumbuka mavuno ya kanisani kwetu. Waumini huleta kuku na ndizi, na baada ya misa vitu hivyo hunadiwa uani. Mtu hununua mkungu, analipa, kisha anasema anaurudisha, na mkungu unauzwa tena.

Nikamwomba MC kipaza sauti. Sikuwahi kukishika maishani.

"Hotpoti hii inauzwa," nilisema nikiinyanyua juu. "Ukinunua, nenda nayo nyumbani. Au irudishe, tuiuze tena, kama mavuno ya kanisani kwetu."

"Nilipe halafu nirudishe?" Swaumu alidakia. "Kumbe kanisani mnaibiana!"

"Tunaibiana kwa furaha," Rogath alijibu akija mbele. "Nipe mimi. Nimewauzia hawa mwenyewe juzi, bei yake naijua." Akalipa mara mbili ya bei ya dukani kwake, akaikumbatia hotpoti, akapaza sauti: "Narudisha!"

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Fundi wa gereji akampita Rogath. Muuza vipuri hakukubali kupitwa na fundi. Wanawake wakachangishana wakawapita wote, wakapiga vigelegele, wakarudisha. Hotpoti ile iliuzwa na kuuzwa mpaka kifuniko kikalegea, kisha tukachukua nyingine. Fedha zilitosha wavu na tanki.

Mwisho Mzee Abdulrazak akanyoosha mkono, akataja bei yake. Hakuna aliyethubutu kumzidi.

"Unarudisha, mzee?" nikamuuliza.

"Sirudishi. Mke wangu ananitazama."

Kicheko kilipopungua nilimsogelea na kumkabidhi hotpoti yake. "Na kiwanja, mzee?"

"Mnada mwingine lini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. "Mboga zikikomaa," nilisema, "kila mwisho wa mwezi. Tutanadi mafungu ya mchicha na matembele hapa hapa, tupate hela ya maji na mbegu."

Akatikisa kichwa kukubali. "Yule wa vyuma hajawahi kunichekesha hata siku moja. Lango liwekeni upande wa kwangu, siyo barabarani. Nataka kuona nani anaingia."

Jumatatu wavu ulifika. Swaumu alisoma dua, mimi nikasali Baba Yetu, tukaanza kuchimba shimo la nguzo ya lango, upande wa mzee.