Kabuti Lililoamkia kwa Kihehe

Evarista alikuwa akichambua maharage mlangoni, mtoto wake Didas mgongoni, mumewe Asukile aliporudi kutoka Mwanjelwa na kabuti begani. Lilikuwa kabuti la kijeshi, zito, la rangi ya majani makavu, na vifungo vyake vyote vilikuwapo. Mwezi wa Juni mwaka ule wa 1956, baridi ya Mbeya ilikuwa ya kung'ata masikio, lakini Asukile hakulinunua kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Alikuwa amejiandikisha kwenda Joni, kule kusini kwenye machimbo ya dhahabu, na waliokwisha kufika walimwambia baridi ya kule haina adabu.

"Othmani kanipunguzia," alisema. "Kasema nikirudi nisimsahau kwa zawadi."

"Ukirudi," alisema Evarista.

Asukile akalitundika kwenye msumari ukutani. Jua lilipoanza kuzama, kabuti likakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, kikavu, kinachotoka mbali. Likakohoa tena, likasafisha koo, likatulia. Evarista akafunika chungu cha maharage ili lisikoholee chakula. Asubuhi alipofungua dirisha, kabuti likasema, "Kamwene."

"Kamwene," aliitikia Evarista. Yeye ni mzaliwa wa Tosamaganga, Iringa, na salamu ya kwao haiachwi ikining'inia hewani.

Asukile, ambaye ni Mnyakyusa, aliuliza, "Linasema nini?"

"Linatuamkia."

"Basi limelelewa vizuri," alisema Asukile, akaenda kuchota maji.

Mwanakhamisi, jirani yao na mke wa huyo Othmani muuza nguo, alikisikia kikohozi kupitia ua wa matete. Alikuja kabla chai haijachemka, kanga kichwani, akalizunguka kabuti kama anayekagua mbuzi.

Siku zile hapakuwa na mtu mtaani kwao Ilomba asiyejua habari za vitu vyenye laana. Gari la sinema lilikuwa limepita Mwanjelwa, likatandaza shuka jeupe kati ya miti miwili, na baada ya picha ya nzi na vyoo ikaonyeshwa picha ya kasha. Kila aliyelimiliki kasha lile alikufa. Mmoja alidondoka ngazini, mwingine alikabwa na tai yake mwenyewe. Walilichoma moto, likarudi. Walilitupa baharini, likarudi likiwa limeloa. Mfasiri alieleza yote kwa kipaza sauti, na pale ambapo Wazungu walinyamaza aliongeza ya kwake.

"Shoga, hili ni lile lile kasha, limebadili umbo tu," alisema Mwanakhamisi. "Litupeni majini."

"Mbona wale walitupa, likarudi?"

"Walitupa baharini. Bahari inazunguka. Mto unakwenda moja kwa moja."

"Na mumeo atarudisha pesa?"

"Mume wangu? Huyo hata salamu hairudishi bure."

Basi walilitupa mtoni. Kesho yake lilikuwa juu ya ua wa matete, likidondosha maji, safi kuliko lilipoondoka. Lilisema "Kamwene" kwa shida, kwani sasa kikohozi kilikuwa cha majimaji. Evarista aliona haya. Alichemsha majani ya mkaratusi, akaishika ile kola juu ya mvuke kama alivyomshika Didas alipobanwa kifua, akawa anapigapiga mgongo wa kabuti taratibu kwa kiganja.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza, kwa sauti ya kumuuliza mtoto aliyepotea sokoni.

"Filemoni," lilisema kabuti. "Wa Mgololo. Mke wangu Matilda."

Evarista alimwita Asukile. Hakutaka kumkataza safari kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yake yalikwisha kugonga ukuta tangu Pasaka. Alitaka ayasikie kutoka kwa aliyefika. Asukile akavuta kigoda, akaketi mbele ya kabuti na kuuliza kama mwanamume anavyomuuliza mwenzake aliyetangulia.

"Kazi ya kule ikoje, kaka?"

"Vumbi."

"Chakula?"

"Kipo."

"Wanalipa?"

"Wanamlipa aliye hai."

"Ukiugua?"

"Wanasema mafua. Hata siku niliyokufa walisema mafua. Nguo zetu wakazifunga robota, wakaziuza."

"Nyumbani hawakupeleka habari?"

Kabuti likakohoa kwa muda mrefu. Asukile akainuka na kulifunga kifungo cha juu, kwa kuwa upepo ulikuwa ukipita chini ya mlango.

Evarista ndipo alipotambua kosa lao. Walikuwa wamefuata desturi za kwenye sinema. Kwao Iringa nguo za marehemu hazitupwi mtoni wala hazichomwi. Zinapelekwa nyumbani, watu wanakaa matanga, kisha ukoo unazigawa, na mjane anaachwa apumzike. Pasipo mwili na pasipo nguo, hakuna anayeruhusiwa kulia.

"Nalipeleka kwao," alisema. "Uniahidi hutaondoka kabla sijarudi."

"Lori letu ni mwisho wa mwezi," alisema Asukile. "Nitakungoja."

Kwenye basi kabuti liliwaamkia abiria wote, na kwa sababu hiyo utingo alidai nauli ya mtu wa pili. Walibishana mpaka Chimala, wakakubaliana kwamba halina miguu, hivyo ni mzigo. Toka njia kuu Evarista alipanda lori la mbao, kisha akatembea, Didas mgongoni na kabuti mabegani, akiulizia Mgololo njia panda kwa njia panda.

Matilda alikuwa akifagia kijia cha kuingilia nyumbani kwake. Alikuwa amekifagia kila siku tangu mumewe aondoke, na mwanawe aliyeachwa akitambaa sasa alikuwa akichunga ng'ombe. Alisimamisha ufagio akalisikiliza kabuti.

"Sauti ni yake," alisema. "Kikohozi sikijui. Hakuondoka nacho."

Wazee wa ukoo walikusanyika, na ukazuka ubishi. Kama lile ni nguo, ligawiwe. Kama ni mwili, lizikwe. Liberatus, mdogo wa marehemu, alisema ni nguo, tena akavaa mkono mmoja kuonyesha lilivyomtosha.

"Nguo haikohoi," alisema mzee mmoja. "Vua."

Wakakubaliana ni mwili. Walichimba kaburi, lakini hawakuzika siku hiyo, maana mtu hazikwi huku anakohoa. Walilitandika juu ya mkeka, wanawake wakalizunguka, wakalia kilio cha miaka yote kilichokuwa kimewekwa. Kabuti lilijitahidi kuzuia kikohozi ili lisiwakatishe. Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, lilisema jina la Matilda, likatulia. Wakalizika mgombani.

Matanga yalipokwisha, Liberatus alitumwa kwenye ofisi ya waandikishaji kuulizia haki ya marehemu. Alirudi akasema karani alikuwa mpole sana. Kwa habari walizokuwa nazo pale, Filemoni hakufa. Alitoroka kazi, na akionekana atashitakiwa.

"Mwambieni karani yuko pale mgombani," alisema Matilda. Liberatus akasema amekwisha kumwambia. Karani alikubali kwamba inawezekana, lakini utoro hauwezi kufutwa.

Siku ya kuagana Matilda alimfungia Evarista viazi kwa ajili ya njiani.

"Mwenzangu," alisema, "mimi pia wangu nilimfungia viazi. Hilo kabuti sikuliambia neno. Bila shaka alikuwa akilisimulia yeye huko bwenini, anapolala. Alilitajia Mgololo, hakulitajia njia. Ndiyo maana limezunguka masoko ya watu mpaka mtoto wangu amekua. Wako anakwenda?"

"Namwomba asiende."

"Ndiyo. Na mimi niliomba."

Asukile alikuwa amengoja kama alivyoahidi. Evarista alimsimulia yote, ufagio, mkeka, karani, naye alisikiliza bila kumkatiza, Didas akiwa amelala mapajani mwake.

"Unaniamini?"

"Nakuamini, mama Didas. Nilikaa naye hapa hapa. Yule hakuwa mwongo."

"Basi?"

Asukile alimtazama mtoto. Kodi ya mwaka ule hakuwa ameilipa, wala ya mwaka uliotangulia, na aliowajua waliopelekwa kuvunja mawe kwa sababu ya kodi walikuwa wanavuta vumbi lile lile, hapa hapa nyumbani, bila mshahara.

"Basi kodi haina kifua," alisema. "Haikohoi."

Siku ya pili alinunua kabuti jingine kwa Othmani. Hilo lilikuwa bubu. Lilitoka jeshini moja kwa moja, halikuwahi kuvaliwa na mtu wa machimboni. Evarista alilitundika kwenye msumari. Jioni, alipotoka kwenye darasa la watu wazima la kusoma pale misheni, alikaa mbele yake na kulifundisha kama mwalimu alivyowafundisha wao herufi: yeye anatamka, wanafunzi wanaitikia.

"Ilomba," alisema. "Ukishuka lori, unafuata mfereji. Nyumba yenye ua wa matete. Mke ni Evarista. Mtoto ni Didas."

Alirudia kesho yake na keshokutwa, wakati wa kupika na wakati wa kunyonyesha. Hakulifundisha kukohoa. Alitumaini neno hilo litakuwa geni kwake siku zote.

Asubuhi ya safari Asukile alilivaa, akafunga vifungo. Chini ya kola, kwa sauti ya mtoto anayeanza kusoma, kabuti likasema, "I-lo-mba."

"Limeshika," alisema Asukile.

"Bado njia," alisema Evarista. Alitembea ubavuni mwake mpaka kwenye lori, akiliambia mfereji, akiliambia matete.

Wanaume walikuwa wamekwisha kujaa nyuma ya lori, wamesimama wamebanana, na wake zao wamezunguka chini. Dereva alipozima injini kungoja mtu mmoja aliyechelewa, ilisikika minong'ono kutoka kwenye makabuti, kila moja na somo lake: Masoko, Kiwira, Malangali, pita kwa kanisa, mti uliopigwa radi, mke ni Anyitike, mke ni Waridi. Wanaume walitazama mbele, wakiyaacha yajifunze. Kisha aliyechelewa akapanda, na lori likaondoka.