Kunde Chini ya Kitanda

Lango la bustani ya umma lilifunguliwa saa tatu asubuhi, na Mama Kunde akaingia nyuma ya wanaume wawili waliovaa kaptura za kukimbilia na mke na mume waliobeba mkeka. Alikuwa na jembe begani. Mlinzi, ambaye kwa urefu wake watu walimwita Twiga, alilipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akaliegemeza nyuma ya kibanda chake upande wa kivuli, mpini usipasuke kwa jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo unanipa lipi?"

"Lile la njano. Jekundu limepinda."

Jembe la njano lilikuwa mali ya bustani. Lilikuwa jepesi kama sahani, na makali yake yalikuwa yamefanywa butu lisije likamkata mgeni. Vyombo vyenye makali havikuruhusiwa ndani. Mama Kunde akalichukua, akashukuru, akaenda kulima shamba lake.

Yeye na mumewe walilima pale tangu walipooana. Mji ulipolizunguka shamba pande zote, na wajenzi wakaanza kuja na kamba za kupimia, wawili hao walikubaliana na baraza la mji: shamba lisijengwe milele, libaki shamba, na watu wa mji wapate njia ya kutembea pembezoni na mahali pa kupumzika. Lilikuwa jambo jema. Kwenye mkutano mume alisimama akasema udongo ulindwe. Akasema mifereji ilindwe, na mimea, na ndege. Alikuwa mtu mwenye haya, hakuzoea kujitaja mbele za watu. Hakusema mkulima naye alindwe, na mkewe aliyekaa pembeni yake alidhani hilo linajulikana. Mume akafariki kabla ya mvua zilizofuata.

Basi vikalindwa vilivyotajwa. Nyumba yao haikuwa imetajwa, kwa hiyo ikafanywa vyoo vya wageni, maana bomba la maji lilikuwa limeshafika. Mama Kunde akahamia kwa binti yake, fundi cherehani aliyepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma. Kwenye kila tuta la shamba kukasimikwa kibao: USICHUME. Alipouliza kama na yeye yumo, Mkuu wa Bustani, kijana msafi mwenye sauti laini, alimweleza kwamba sheria haibagui. Kulima aliruhusiwa, siku za mapumziko, ili wageni waone kilimo. Kuvuna hakukuwa kwenye ratiba.

Kunde zake hazikuuzwa dukani. Zilikuwa ndogo, nyekundu ya kuiva, na mama mkwe wake ndiye aliyempa, zimefungwa kwenye pindo la nguo. Msimu uliopita zilikomaa, maganda yakapasuka yenyewe, ndege wakala walichoweza, na wafagiaji wa bustani wakazisomba zilizobaki pamoja na karatasi za biskuti. Mbegu alizokuwa nazo ndani alizipanda zote mwaka huu, hakubakiza hata moja. Zilizokuwa shambani sasa ndizo zilizobaki duniani.

Alimwendea Mkuu ofisini.

"Mwanangu, naomba kikombe kimoja tu. Cha mbegu. Sitakula."

"Mama, nikikuruhusu wewe, nitamkataza nani?"

"Wote waliobaki."

Mkuu alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli. Akampa chupa ya maji baridi na kumsindikiza hadi mlangoni, akimshika kiwiko asijikwae kwenye zulia.

Asubuhi moja binti aliposhusha mguu kitandani aliukanyaga udongo wenye umande. Tuta la kwanza lilikuwa limelala chini ya kitanda, kutoka ukutani mpaka mlangoni, na kunde zake, na majani yake, na jongoo mmoja.

"Mama, shamba limekuja."

"Sehemu gani?"

"Ya juu. Ile ya karibu na mfereji."

Mama Kunde aliinama akatazama. "Ndilo lenyewe. Usikanyage upande huo, kuna maua."

Kesho yake yalikuja mengine, na yakaendelea kuja. Chumba hakikupanuka wala matuta hayakupungua. Yalisogeleana tu, kama watu kwenye benchi la hospitali. Binti aliinua cherehani juu ya matofali ili waya usilowe. Wateja waliokuja kupimwa nguo walivua viatu, wakasimama kwenye nafasi kati ya tuta na tuta, wakainua mikono.

Mama mwenye nyumba naye alikuja kutazama.

"Mliniambia mtakuwa watu wawili," alisema. "Hakuna aliyetaja ekari."

"Tusamehe dada," alisema Mama Kunde. "Halikubisha hodi."

Mama mwenye nyumba alisonya. Lakini kuanzia siku hiyo alifungua maji mapema kuliko kawaida, kabla jua halijachoma, na akaleta gunia kuukuu la kuzibia upepo chini ya mlango.

Maganda yalikuwa bado mabichi. Kunde ikichumwa mbichi huliwa lakini haioti, kwa hiyo mama na binti walisubiri. Jioni binti alizima taa mapema, akisema mimea nayo ipumzike. Mama alilala akisikia harufu ya shamba lake, na kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa hakuota ndoto mbaya.

Huko bustanini, kila tuta lililoondoka liliacha majani mafupi ya kijani, sawasawa kama nywele zilizochanwa. Wageni walitandika mikeka wakacheza mpira. Wasimamizi walihesabu matuta yaliyopungua, wakauliza mitaani, na Mkuu wa Bustani akaja mwenyewe, pamoja na Twiga aliyebeba vibao. Mkuu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka kitanda akitazama chini, akagusa jani moja kwa mgongo wa kidole.

"Limetunzwa vizuri sana," alisema. "Hongereni."

"Limerudi kwa mwenyewe," alisema binti.

"Limehama, dada. Makubaliano yanalinda udongo, hayasemi uwe wapi. Ulipo udongo huu, ndipo ilipo bustani."

"Na sisi?"

"Nyinyi mnaruhusiwa kuwepo."

Binti aliacha kukanyaga cherehani. "Hebu rudia. Nataka nisikie vizuri, nisije nikakusingizia."

Mkuu akarudia, kwa sauti ileile ya upole, neno kwa neno. Twiga alikuwa ameshaanza kusimika vibao. Kila alipotaka kuchimba kishimo alitafuta pasipo na mzizi, na kwa ajili hiyo alichukua muda mrefu.

Njia ya wageni iliwekwa kuingilia mlangoni, kuzunguka kitanda na kutokea dirishani, ambako baraza la mji lilijenga ngazi nzuri ya mbao yenye mahali pa kushikia. Walikuja kwa wingi. Walikuwa watu wema kwa sehemu kubwa. Walisema hodi. Mzee mmoja alimrudishia Mama Kunde mto ulioanguka, akaukung'uta vumbi kwanza. Walimpiga picha binti akishona, na mmoja wao akaweka oda ya shati.

Saa kumi na mbili jioni bustani ilifungwa, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kulala bustanini, Twiga aliwatoa mama na binti, akatia kufuli. Mama mwenye nyumba aliwatandikia godoro kwenye korido. Alifanya hivyo kwa hasira, akipiga mashuka kana kwamba yamemtukana.

"Chumba ninapokea kodi," alisema, "na wapangaji wanalala nje. Hapo nimeibiwa mimi au nyinyi?"

"Sote," alisema Mama Kunde.

"Afadhali. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Joto likazidi, maganda yakawa ya kahawia, yakaanza kulia usiku na mchana. Ganda la kunde likikauka lina mlio wake mdogo linapojikunja, na mwenye kulijua anajua zimebaki siku chache. Mama Kunde alikaa kitandani mchana kutwa, miguu yake imegusa tuta. Wageni walipita. Twiga alisimama mlangoni.

Alasiri, watu walipopungua, Mama Kunde alinyoosha mkono akachuma ganda moja. Twiga aliona. Akageuza uso wake ukutani akaanza kusoma kalenda ya mwaka uliopita. Mama Kunde akachuma la pili, na la tatu, akayapasua kwa kidole gumba, na kunde zikamiminika kiganjani, nyekundu, ngumu. Akachuma tena. Twiga alikuwa amefika mwezi wa kumi.

"Mlinzi," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa njiani kuelekea dirishani. Alivaa kofia pana, na alisema bila ubaya wowote. "Samahani, huyu bibi anachuma."

Twiga hakugeuka mara moja. Mwanamke akarudia. Ndipo alipokuja, akapiga magoti kwenye nafasi kati ya matuta, urefu wake wote ukakunjika, akaushika mkono wa Mama Kunde. Alimfungua vidole kimoja baada ya kingine. Kwa kila kidole alisema samahani mama, na Mama Kunde hakumkwaruza. Kunde zikaingia kwenye mfuko wa taka. Mfagiaji aliyepita baadaye akasomba na zile zilizoangukia chini, hakuacha hata moja, maana alikuwa mtu anayeipenda kazi yake.

Mwanamke mwenye kofia aliona macho ya Mama Kunde, akahuzunika. Akarudi nyuma kidogo na kumgusa bega.

"Tunawatunzia wajukuu, bibi," alisema.

"Wajukuu wa nani?" aliuliza binti, bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

Yule mwanamke alitabasamu, akashika kofia yake isikwame, akainama, akatokea dirishani.